Kukesha na Watoto Njiti

Binti wa kaka yangu, ambaye sasa yu katika mwaka wa mwisho wa masomo yake ya uuguzi huko Dodoma, aliniletea kwa simu waraka mrefu, akaufungua kwa shikamoo na kuufunga kwa kuniombea siha njema, na kati ya maamkizi hayo mawili akaniuliza swali ambalo limeniamshia mambo niliyodhani yamekwisha kulala. Amepita katika wodi zote ambazo wanafunzi hupitishwa, asema, na moyo wake umetua katika moja tu, nayo ni wodi ya watoto wachanga mahututi. Lakini wenzake wamemwonya kwamba wodi ile huvunja moyo wa mtu, kwamba mshahara wake haupiti wa wodi nyingine, na kwamba muuguzi aliyezoea wagonjwa wa kilo moja atajikuta hana alijualo siku atakapokabidhiwa mtu mzima. "Shangazi," aliandika, "wewe uliifanya kazi hii hata ukastaafu. Nipe kweli tupu: niingie au nisiingie?"

Jibu fupi nimekwisha kumpa. Hili ndilo refu, nami naliandika mbele ya watu wote kwa kuwa nayakinisha kwamba wako vijana wengi wanaojiuliza kama yeye, wala hawana shangazi wa kumwandikia.

Niliingia katika wodi ya wachanga mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, katika hospitali moja ya pwani ya kaskazini ya Tanzania, katika ile miaka ya themanini ambapo dawa zilikuwa adimu na sabuni yenyewe ilikuwa kitu cha kutunzwa kwa hesabu. Kilikuwa chumba kimoja kilichopakana na leba, madirisha yake yamefungwa ili joto lisitoroke, na ndani yake mlikuwa na visanduku vya mbao vyenye balbu chini yake, pamoja na chupa za maji ya moto zilizoviringwa vitambaa, tayari kwa saa ambazo umeme ungekatika. Nilitazamia kwamba nitafundishwa kuchoma sindano katika mishipa myembamba kuliko yote duniani. Badala yake, muuguzi aliyekuwa na dhamana ya chumba kile, mama wa makamo mwenye maneno machache, aliniwekea kigoda kando ya mtoto mmoja njiti, akaniamuru niketi nimtazame kwa saa nzima pasipo kumgusa, kisha nimsimulie niliyoyaona.

Robo saa ya kwanza humwoni ila mtoto aliyelala. Baadaye, macho yakiisha kutulia, mambo huanza kujitokeza moja baada ya jingine. Pumzi zake haziendi kwa mwendo mmoja: huvuta upesi upesi, hupumzika, huvuta tena, kwa hiyo huhesabiwa dakika nzima, maana anayehesabu robo dakika kisha akazidisha kwa 4 hupata hesabu ya uongo. Zikipita 60 kwa dakika, kuna jambo. Tundu za pua hupanuka. Ngozi chini ya mbavu huzama ndani kila avutapo pumzi, na kila aishushapo husikika mguno mdogo sana, ambao mtu akiwa anazungumza na mwenziwe hatausikia kamwe. Aidha njiti husahau kupumua, kwa sababu ubongo wake haujakomaa kuishika kazi hiyo. Akifika sekunde 20 bila pumzi, rangi ya midomo hubadilika, mapigo ya moyo hushuka, na hapo ndipo mtu aliye karibu hupaswa kumshtua. Nilimwona mama yule akilifanya jambo hilo kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akimgonga mtoto unyayoni mara mbili, ilhali mkono wake wa kulia ungali unaandika katika faili, na mtoto akashtuka, akavuta pumzi, chumba kikaendelea na shughuli zake.

Mgonjwa mtu mzima hukuambia pale panapomuuma, na hata akinyamaza, jamaa zake watasema kwa niaba yake. Mtoto aliyezaliwa jana hana msemaji. Yote yatakayojulikana juu yake, kabla ya kipimo chochote cha damu na kabla ya daktari kuitwa, hujulikana kwa sababu yuko mtu aliyeketi akamtazama kwa kitambo cha kutosha; na mtu huyo aghalabu si daktari, ambaye hupita asubuhi na kuitwa usiku kwa dharura, bali ni muuguzi wa zamu. Haya niliyafahamu mapema, na kila nililojifunza baadaye liliyathibitisha.

Upo ushahidi mkubwa zaidi kuliko wangu, nao watoka Uingereza. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, alikuwako muuguzi aliyeitwa Sista Jean Ward, msimamizi wa wodi ya njiti, aliyekuwa na desturi ya kuwatoa nje watoto wake walio imara kidogo, siku za jua, wapate hewa safi. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imerudia rangi yake isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu, iliyobaki na umanjano mkali. Sehemu hiyo ilikuwa imefunikwa na pembe ya shuka, ilhali kwingine kote jua lilikuwa limepafikia. Madaktari, wakiongozwa na Dk. Cremer, walilifuatilia jambo hilo, wakapima, na mwaka 1958 wakachapisha habari zake katika jarida la Lancet. Na kutokana na jicho la muuguzi mmoja lililoona pembetatu ya manjano, leo kila wodi ya wachanga duniani inayostahiki jina hilo ina taa za mwanga wa buluu, ambazo zimewaokoa watoto wasiohesabika na uziwi na kuharibika kwa ubongo kuletwako na umanjano uliozidi. Nataraji msomaji hatalichukua hili kuwa ruhusa ya kumwanika mtoto juani nyumbani, kama ifanywavyo katika mitaa yetu mpaka leo. Jua halipimiki, huunguza na kukausha, na mtoto mwenye umanjano mwingi huhitaji hospitali siku ile ile.

Kwetu sisi, ambao watoto wetu huzaliwa na ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, umanjano hujificha. Mwalimu wangu alinifundisha kumpeleka mtoto karibu na dirisha, mchana, kulibonyeza paji la uso kwa kidole na kukiondoa ghafula, na kuitazama rangi inayobaki pale kabla damu haijarudi. Akaniagiza nitazame pia ufizi na nyayo. Hakuna mashine iliyokuwako ya kutusaidia, na hata sasa mashine zikiwapo, lazima awepo mtu wa kushuku kwanza ndipo mashine iletwe.

Kuhusu mashine, siko katika kundi la wazee wanaozibeza. Tarehe 7 Agosti 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyetangulia wakati wake kwa muda wa majuma matano na nusu hivi, naye alikuwa na uzito wa kilo 2 na kidogo. Mtoto huyo alifariki tarehe 9 kwa ugonjwa wa mapafu machanga, baba yake akiwa mtu mwenye mamlaka pengine kuliko wote duniani na madaktari bingwa wakiwa wamemzunguka. Miaka minne kabla yake, Dk. Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walikuwa wamekwisha kugundua chanzo: mapafu ya njiti hayana ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila pumzi inapotoka. Sababu ilijulikana; dawa haikuwako. Leo mtoto wa uzito ule, akizaliwa na mke wa mvuvi katika mji wenye hospitali iliyotayarishwa, ana matumaini makubwa ya kuishi, kwa msaada wa kifaa ambacho ukikiona waweza kudhani ni mchezo. Mrija hupeleka hewa na oksijeni puani kwa ncha mbili laini, na mwisho wa pili wa mrija umezamishwa katika chupa ya maji, sentimita 5 au 6. Kina hicho ndicho shinikizo linaloyazuia mapafu yasifumbe. Maji hutokota mapovu mchana kutwa na usiku kucha.

Kifaa hiki kilitufikia miaka yangu ya mwisho kazini, na nilishangaa kuona jinsi kinavyomdai muuguzi zaidi, badala ya kumpunguzia kazi. Mapovu yakikoma, pana pengo mahali fulani: ncha imechomoka puani, au mtoto amefungua kinywa, au maji yamepungua katika chupa. Ukuta mwembamba wa katikati ya pua ukibanwa na ncha zile pasipo kuangaliwa, hufanya kidonda. Oksijeni nayo si baraka isiyo na mpaka, maana katika miaka ya arubaini na hamsini, huko Marekani na Ulaya, maelfu ya watoto njiti walipofuka kwa kupewa oksijeni nyingi kupita kiasi na watu waliowatakia mema; kwa sababu hiyo kipimo cha oksijeni hutazamwa pande zote mbili, isipungue wala isizidi. Dawa kadhalika: hupimwa kwa sehemu za mililita, na nukta moja ikikaa mahali pasipo pake, mtoto amepewa mara 10 ya kipimo chake, ndiyo maana wauguzi wawili huhesabu kila mmoja peke yake kisha wakalinganisha. Mwanangu, ukiichukia hesabu, tafuta wodi nyingine.

Sasa nifike kwa akina mama, ambao nimewaweka mbali katika maelezo haya kama tulivyowaweka mbali katika wodi zile. Kanuni ya siku hizo ilikuwa kwamba mama haingii. Alikuja kila baada ya saa tatu na maziwa aliyoyakamua katika kikombe, akabisha mlango, akakipokeza, akageuka. Tuliamini kwamba twawalinda watoto na uchafu. Mama mmoja, mzaliwa wa bara huko Handeni, aliniuliza mlangoni, kwa taadhima na bila ya hasira yoyote, "Sista, mwanangu ananijua?" Swali lile halikuwa na jibu katika vitabu nilivyopewa.

Jibu lililetwa na giza. Katika miaka ya tisini, usiku mmoja wa mvua za masika, umeme ulikatika na jenereta ya hospitali haikuwaka. Chupa za maji ya moto hazikutosha. Muuguzi wangu mkubwa, yule yule wa kigoda, alituma watu wakawaamshe wazazi wodini kwao, akawaingiza wote chumbani walipokatazwa kuingia, akawaambia walegeze kanga. Nasi tukawaweka watoto vifuani mwao, ngozi kwa ngozi, wima, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa mithili ya chura, kofia kichwani, na kanga ya pili tukaifunga kwa nguvu kuwazunguka wote wawili. Tulipopima joto alfajiri, watoto wale walikuwa na joto la nyuzi 36 na nusu hata 37, jambo ambalo visanduku vyetu vya balbu havikuwahi kulifanya kwa wote kwa pamoja. Na wale waliokuwa na tabia ya kusahau kupumua, walisahau mara chache zaidi.

Miaka mingi ilipita ndipo nikasoma kwamba huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, Dk. Edgar Rey Sanabria alianza jambo hilo hilo kwa shida zile zile, maana mashine za joto zilikuwa hazitoshi na watoto walirundikwa wawili watatu katika moja, wakiambukizana. Na mwenzake Dk. Héctor Martínez akaliendeleza. Wakaliita kwa jina la kangaruu. Muda mrefu wakubwa wa tiba waliliona kuwa ni tiba ya maskini, ya kutumiwa pale tu mtoto alipokwisha kupona kidogo. Halafu ukaja utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nijeria na kwetu Tanzania, uliotangazwa mwaka 2021, wa watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, ambapo kundi moja liliwekwa vifuani mwa mama zao mara tu baada ya kuzaliwa, na la pili likasubiri mpaka lipate nguvu kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za mwanzo walikufa asilimia 12 katika kundi la kwanza, na asilimia 15.7 katika la pili. Tofauti hiyo iliwafanya wasimamizi wausimamishe utafiti kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa halali tena kuwanyima watoto wa kundi la pili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba mtoto njiti awekwe kifuani mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 mpaka 24 kila siku. Maana yake ni kwamba kitanda cha mama sharti kiwemo ndani ya wodi ya mahututi, na mwanafunzi wa leo ajiandae kuwauguza wawili kwa pamoja.

Nimewaona akina baba pia wakifungua vifungo vya shati. Wa kwanza niliyemshuhudia alikuwa kuli wa bandarini, aliyetaka pazia livutwe asionekane na wenziwe. Baadaye akawa hataki kumrudisha mtoto kwa mamaye. Furaha nyingine ya wodi ile ni mizani. Mtoto hupungua siku za kwanza, kila mtu hujua hivyo, na bado kila asubuhi mama huikodolea macho mizani. Na siku inapoonyesha gramu 20 zaidi ya jana, wodi nzima huzisikia habari hizo kabla faili halijaandikwa.

Lakini wenzake wa binti yetu hawakumdanganya kuhusu msiba. Mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walifariki duniani kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na uchunguzi wa mwaka ule ule ulionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hawaufikishi mwezi. Lengo ambalo mataifa yamejiwekea kwa mwaka 2030 ni wasizidi 12. Muuguzi wa wodi hii atawashika kwa mikono yake baadhi ya hao. Nilipoanza kazi, ilikuwa desturi mtoto akifariki afungwe haraka katika kitambaa, akabidhiwe baba au mjomba mlangoni, na mama aarifiwe baadaye na yeyote atakayepata ujasiri. Alikuwako mama mmoja, uzazi wake wa kwanza, ambaye mwanawe alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Muuguzi wangu mkubwa alikataa desturi ile. Alimwita mama, akamketisha, akamwambia kwa neno lililo wazi kwamba mtoto amefariki, kisha akampa ampakate. Mmoja wetu, kwa nia njema, akasema Mungu atampa mwingine. Yule mama akainua uso, akasema, "Mimi nilimtaka huyu." Ndipo muuguzi akamwuliza jina la mtoto, naye alikuwa nalo, na katika daftari, mahali palipoandikwa mtoto wa fulani, likaandikwa jina lile kwa wino, herufi moja moja, mbele ya macho yake.

Tangu siku hiyo sikupata kulisema lile neno la mwingine, wala sikumruhusu mwanafunzi wangu alitamke. Na kama moyo huvunjika, nilivyoona mimi ni kwamba hawakuvunjika waliolia. Waliotoka katika kazi ni wale waliokwenda nyumbani kila siku pasipo kumwambia mtu yaliyowapata. Sisi tulikuwa na chai ya baada ya zamu, na hapakuwa na ruhusa ya kuondoka kabla haijanywewa. Binti atafute wodi yenye chai ya namna hiyo, au aianzishe.

Kwa hiyo nilimwambia aingie. Nilimwambia pia kwamba mapenzi yake hayatatosha pasipo mambo mawili, ambayo hayamo mikononi mwake bali mikononi mwa wenye kuajiri. La kwanza ni idadi. Huko Uingereza kipimo walichojiwekea ni muuguzi 1 kwa mtoto 1 aliye mahututi, 1 kwa watoto 2 wanaohitaji uangalizi mkubwa, na 1 kwa watoto 4 wa uangalizi wa kawaida; nami nimekesha zamu nikiwa na mwenzangu mmoja na chumba kimejaa watoto, ambapo kutazama kule nilikofundishwa juu ya kigoda hakuwezekani hata kwa malaika. Hatuwezi kukifikia kipimo hicho kesho, lakini tusikubali kuita uangalizi mahututi chumba ambacho hakina mtu wa kuangalia.

La pili ni uhamisho. Katika hospitali niliyoitumikia kwa muda mrefu, kila mwaka wauguzi walibadilishwa wodi, karibu wote, bila ya kubagua ustadi. Na hivyo aliyetumia miezi mingi kujifunza kusikia mapovu yanapokoma na kuona ukuta wa pua unapoanza kuwa mwekundu, alipelekwa kufunga vidonda vya wagonjwa wa nje, na mahali pake akaletwa mtu mwema, mwaminifu, aliyetoka kliniki ya macho, ambaye hajapata kumshika njiti. Ujuzi wa wodi ulianza upya kila Januari, na watoto waliozaliwa Januari hawakuwa wamefanya kosa lolote. Nimemwagiza mwana wa kaka yangu kwamba siku atakapoitwa kwa ajira, kabla ya kuuliza habari za nyumba na posho, aulize kama akifundishwa kazi hii ataachwa aifanye, na ombi hilo aliandike katika barua, abaki na nakala.